Ziwa moja, nchi nne: jinsi ya kupanga utunzaji wa data za utafiti wa Ziwa Tanganyika

Mwongozo huu nimemwandikia ofisa uvuvi, mtakwimu wa halmashauri au mtafiti kijana aliyeitwa ofisini akaambiwa, "Tuandalie mpango wa taifa wa data za ziwa, wenzetu wa kanda wanausubiri." Mara nyingi anayepewa kazi hiyo huanza kwa kuulizia bei za seva. Hapo ndipo mpango unapokufa, ingawa mazishi hufanyika miaka kadhaa baadaye, mradi unapofungwa. Mashine ni sehemu nyepesi. Kazi ngumu ni kuwafanya watu wa Kibirizi, Kipili, Bujumbura, Kalemie na Mpulungu wakubaliane wanapima nini, kisha kila mmoja akiandike vilevile.

Mbinu nyingi tunaziazima baharini, kwa sababu huko walianza zamani. Tume ya bahari iliyo chini ya UNESCO ilianzisha mpango wake wa kubadilishana data mwaka 1961, na tangu hapo nchi nyingi zimeunda vituo vya taifa vya data za bahari. Cha kwetu Tanzania kinahusishwa na Taasisi ya Sayansi za Bahari, Zanzibar. Nchi tisa za magharibi mwa Bahari ya Hindi zilipofanya utafiti wa pamoja wa mikondo ya Agulhas na Somali, kila nchi iliandaa kwanza tathmini yake yenyewe, ndipo zikaunganishwa kuwa picha ya kanda. Mpangilio huo unalifaa ziwa pia: taifa kwanza, kanda baadaye, lakini taifa liandike likijua kuwa kanda itasoma.

Na sisi hatuna hiari. Eneo la ziwa limegawanyika hivi, kwa makadirio: Kongo asilimia 45, Tanzania 41, Burundi 8, Zambia 6. Kwa hiyo mpango wa taifa, hata ungekuwa mzuri namna gani, unaona chini ya nusu ya maji ambamo dagaa na migebuka wanazunguka. Mkataba wa usimamizi endelevu wa ziwa hili ulitiwa saini Dar es Salaam mwaka 2003 na ukaanza kutumika 2005, na kubadilishana taarifa ni sehemu ya wajibu uliomo. Mamlaka ya Ziwa Tanganyika, yenye makao Bujumbura, ndiyo mlango wa kupokea kazi yako.

Hatua ya 1: Andika maamuzi kabla ya data

Chukua karatasi moja. Upande wa kushoto orodhesha maamuzi ambayo serikali inalazimika kuyafanya: uvuvi usitishwe lini, leseni ngapi zitolewe, matundu ya nyavu yawe na ukubwa gani, maji yanayoingia kutoka mto Malagarasi yafuatiliwe vipi. Upande wa kulia andika namba inayohitajika kwa kila uamuzi, nani anaipima, na mara ngapi kwa mwaka.

Mwaka 2024 uvuvi ziwani ulisitishwa kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti. Kila mvuvi wa Katonga anauliza swali moja: imesaidia? Ili umjibu unahitaji urefu wa samaki na uzito wa mavuno kwa kila usiku wa kazi, kabla na baada ya kusitisha, mialo (sehemu za kushushia samaki) ileile, kwa kipimo kilekile. Kama jedwali lako halina hayo, safu zake nyingine arobaini hazitakuokoa. Safu isiyohudumia uamuzi wowote wala swali lolote la utafiti, ifute. Fomu ndefu hujazwa kwa kubuni, na anayebuni si mvivu, ni mtu aliyesimama mwaloni alfajiri huku wachuuzi wanamsukuma.

Hatua ya 2: Tafuta kilichopo

Pita ofisi kwa ofisi. Kigoma mjini pekee kuna kituo cha TAFIRI (taasisi ya taifa ya utafiti wa uvuvi), Bodi ya Maji ya Bonde la Ziwa Tanganyika, Mamlaka ya Hali ya Hewa, bandari, ofisi za uvuvi za halmashauri. Halafu TANAPA kwa hifadhi za Gombe na Mahale. Usisahau kuwa mwambao wa Tanzania hauishii Kigoma. Karema iko Katavi, Kipili na Kasanga ziko Rukwa, na mpango unaoitwa wa taifa huku umeandikwa na mkoa mmoja utakataliwa na mingine miwili, tena kwa haki.

Kwa kila fungu la data andika mistari michache tu: ni nini, la miaka gani, liko wapi, liko katika hali gani, nani ana ufunguo wa kabati. Ufunguo wa kabati simaanishi kwa mafumbo. Daftari za mialo za miaka mingi zinaliwa na mchwa kwa sababu aliyezifungia alihamishwa.

Uliza hasa habari za miaka ya 1990. Mradi wa utafiti wa uvuvi uliofadhiliwa na Finland chini ya FAO ulianza 1992, na ule wa bioanuwai wa UNDP na GEF ulikamilika 2000. Kazi ya aina hiyo huacha ripoti nzuri, na data ghafi zikatawanyika kwenye disketi, sidii na kompyuta za vyuo vya nje. Andika barua za kuomba nakala mapema, maana majibu huchelewa. Kinachoweza kupigwa picha kwa simu kipigwe leo. Kuingiza namba kwenye jedwali kunaweza kusubiri, mchwa hawasubiri.

Hatua ya 3: Tengeneza kamusi ya kanda

Hapa ndipo utumie muda wako mwingi kuliko hatua nyingine yoyote. Kamusi ninayosema ni jedwali linaloeleza kila safu ina maana gani, inaandikwaje, na nini hakiruhusiwi kuingia humo.

Anza na samaki. Kitaifa, neno dagaa peke yake halifai kuwa jina la safu. Dagaa wa Kigoma ni Stolothrissa tanganicae, mara nyingi wakichanganyika na lumbu, Limnothrissa miodon. Dagaa wa Mwanza ni Rastrineobola argentea, wa ukoo mwingine kabisa, na dagaa wa pwani ni wengine tena. Ukiunganisha majedwali matatu kwa jina hilo unapata jumla isiyo na maana yoyote ya kibiolojia. Vilevile migebuka wetu, Lates stappersii, Bujumbura ni mukeke. Dagaa wetu Mpulungu ni kapenta. Weka safu mbili: jina la kisayansi, na jina alilolitaja mvuvi. Hilo la pili usilifute hata kidogo, kwa sababu siku mtaalamu atakapogundua kosa la utambuzi, jina la mvuvi ndilo litakalomrudisha kwenye samaki mwenyewe.

Kisha uzito. Mwaloni hakuna kilo, kuna ndoo, beseni na kreti, tena na kilemba kinachorundikwa juu kulingana na ujirani wa muuzaji na mnunuzi. Nenda na mizani kila mwalo ulio kwenye mpango, pima kila chombo mara nyingi kikiwa na samaki wabichi, upate wastani wa chombo hicho kwa mwalo huo. Rudia kila mwaka, kwa kuwa vyombo hubadilika. Uzito wa mbichi na wa wakavu uwe kwenye safu tofauti. Dagaa wakianikwa hupungua uzito mara kadhaa, na anayechanganya hayo mawili anaweza kutangaza anguko la uvuvi ambalo halikutokea.

Juhudi ya uvuvi ni ngumu zaidi. Kipe, yaani kikosi kimoja cha uvuvi na mitumbwi, wavu na taa zake, si sawa na kipe kingine. Andika idadi ya taa na aina yake, kwa sababu karabai ya zamani na taa za LED za leo havivuti samaki kwa nguvu moja, na ukiandika "taa 8" tu, mavuno ya 1995 na ya leo hayalinganishiki. Andika pia saa za kazi majini.

Sifuri nayo ina ndugu zake. Kipe kilichokwenda ziwani kikarudi mikono mitupu ni sifuri. Kipe ambacho hakikwenda ni jambo lingine. Kipe kilichokwenda lakini mdadisi, yaani mkusanya data wa mwaloni, hakuwepo ni la tatu. Wengi huacha nafasi tupu kwa yote matatu, na kompyuta inayasoma kama kitu kimoja. Weka alama tatu tofauti, na uzifundishe mpaka ziwakere watu.

Saa na tarehe zimeharibu kazi nyingi. Tanzania iko saa moja mbele ya Burundi, Zambia na mashariki mwa Kongo. Mvuvi anakuambia alishusha wavu saa tatu usiku. Fomu iandike 21:00, na safu ya pembeni ionyeshe ni saa za nchi gani. Halafu usiku mmoja wa kazi una tarehe mbili: wavu unashushwa Jumatatu, samaki wanafika mwaloni Jumanne alfajiri. Chagua moja. Mimi napendelea tarehe ya kufika mwaloni, kwa sababu ndiyo mdadisi anayoishuhudia kwa macho. Iandikwe mwaka kwanza, mwezi, siku: 2025-03-04. Kwa mtindo huo hakuna wa kujiuliza kama ni Machi au Aprili.

Namba za desimali: wenzetu wa Burundi na Kongo, kwa desturi ya Kifaransa, hutumia mkato pale sisi tunapotumia nukta. Faili lenye 29,63 likifunguliwa kwenye kompyuta iliyopangwa kwa Kiingereza linaweza kugawanyika safu mbili, au kuwa maelfu. Kamusi iamue nukta, na kila faili likaguliwe kabla ya kuunganishwa. Kuratibu za mahali nazo ziwe za desimali, kusini iwe hasi. Mji wa Kigoma uko karibu na -4.88, 29.63. Ukisahau ile alama ya hasi, mwalo wako unahamia Sudan Kusini. Ukigeuza namba, wavuvi wako wanavua katikati ya Sahara. Ni kosa rahisi kulikamata: chora nukta zote kwenye ramani, zilizo nje ya bonde la ziwa zirudishwe zilikotoka.

Mialo yenyewe huhama. Maji ya ziwa yalipanda sana mwaka 2021 na tena 2024, na mahali palipokuwa mchanga pa kuanikia dagaa pakawa maji. Kwa hiyo kila mwalo uwe na namba ya kudumu, na kuratibu zake ziwe na tarehe za kuanza na kuisha kutumika. Kuhusu vipimo vya usawa wa maji, usidhani sifuri ya kipimo cha Kigoma ndiyo sifuri ya kipimo cha Bujumbura au Kalemie. Kila kipimo kiandikiwe sifuri yake iko mita ngapi juu ya usawa wa bahari na ilipimwa kwa marejeo yapi, la sivyo mtagombana kuhusu sentimita ambazo hazipo.

Kwa data za maji, joto, oksijeni, uwazi, kina ndicho kila kitu. Ziwa hili lina kina cha hadi mita 1,470, lakini oksijeni huisha kwenye mita mia moja hadi mia mbili na ushee, ikitegemea uko kaskazini au kusini. Kipimo cha oksijeni kisicho na kina hakifai hata kutunzwa. Andika pia kifaa kilichotumika na tarehe kiliporekebishwa mara ya mwisho.

Hatua ya 4: Panga siku za kupima

Wavuvi wa dagaa hufanya kazi wakati wa giza na hupumzika mbalamwezi. Ukichagua siku za kupima kwa kalenda ya ofisi, tuseme kila Jumatatu ya kwanza ya mwezi, utaangukia giza mwezi huu na mbalamwezi mwezi ujao, na utakachochora ni mwendo wa mwezi angani, si wa samaki. Gawa siku za sampuli kwa mwandamo wa mwezi.

Kuna tatizo la pili ambalo naona halizungumzwi vya kutosha. Kipindi cha kusitisha uvuvi, Mei hadi Agosti, ni kipindi kilekile ambacho upepo wa kusini-mashariki wa kiangazi unalisukuma ziwa, maji ya chini yenye rutuba yakapanda upande wa kusini, na chakula cha samaki kikaongezeka. Vipe vikisimama, mdadisi wa mwaloni naye anasimama, na taifa linapoteza data za mavuno katika msimu muhimu kuliko yote kiikolojia. Mpango wako lazima uwe na upimaji usiotegemea wavuvi wa biashara: boti ya utafiti, nyavu chache za sampuli kwa kibali maalumu, vipimo vya joto na oksijeni kwenye vituo vilevile. Hata kama bajeti inatosha safari chache tu, ziweke ndani ya miezi hiyo. Na kwenye kila jedwali la mavuno weka safu inayosema kama uvuvi ulikuwa umefungwa, ili mchambuzi wa mwaka 2040 asidhani samaki waliisha.

Hatua ya 5: Nani mwenye data, nani anaruhusiwa kuziona

Maliza hili kabla ya kukusanya lolote. Sheria ya Takwimu ya 2015 inaipa Ofisi ya Taifa ya Takwimu nafasi yake, kwa hiyo ishirikishe mapema kwa chochote kitakachoitwa takwimu rasmi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inahusu majina na namba za simu za wavuvi unazoandika mwaloni. Majina yabaki kwenye faili moja lililofungwa, na majedwali yote mengine yatumie namba ya siri ya kipe. Mtafiti wa nje anayekuja na kibali cha utafiti cha COSTECH (Tume ya Sayansi na Teknolojia) akubali kwa maandishi kuacha nakala kamili ya data ghafi nchini, pamoja na maelezo yake. Ahadi ya "nitawatumia nikichapisha" tumeisikia sana.

Gawa data makundi matatu: za wazi kwa wote, za wazi baada ya muda, na za kufungwa. Muda wa kusubiri ili mtafiti achapishe kwanza uwe mfupi na wenye tarehe. Mimi ningesema miaka miwili, isizidi. Cha kufungwa ni kidogo kuliko watu wanavyopenda: taarifa za watu binafsi, na mahali hasa wanapopatikana samaki wa mapambo wa mwambao wa miamba, kwa kuwa baadhi yao wanaishi kwenye vipande vidogo vya ufuko na wafanyabiashara wa kimataifa wanawatafuta. Hao onyesha kwa eneo pana tu. Kumbukumbu za spishi nyingine zipelekwe kwenye mtandao wa kimataifa wa data za bioanuwai, GBIF, kwa kiwango kiitwacho Darwin Core, nao utazipa anwani ya kudumu ambayo watafiti wanaweza kuitaja.

Hatua ya 6: Mahali pa kuhifadhi

Sasa ndipo seva inaingia, na itachukua aya moja. Nakala tatu, kwenye aina mbili za vifaa, moja ikiwa nje ya Kigoma. Jedwali rahisi la maandishi linafunguka kwenye programu yoyote, leo na baada ya miaka ishirini. Programu ya kulipia inayoisha leseni mradi ukiisha, haifunguki. Fomu za simu ziwe zinazofanya kazi bila mtandao na kutuma baadaye, maana si kila mwalo una mtandao. Karatasi isitupwe. Mara moja kila robo mwaka, mtu ajaribu kurejesha faili kutoka kwenye nakala ya akiba, kwa sababu nakala ambayo haijawahi kufunguliwa haina uhakika.

Hatua ya 7: Watu na fedha

Teua mtunza data mmoja mwenye ajira ya kudumu, na msaidizi wake, wote wakiwa kwenye muundo wa taasisi. Mkandarasi wa mradi anaweza kuwafundisha, asiwe yeye mwenye nenosiri. Kila mwalo uwe na mdadisi anayetokana na kikundi cha usimamizi wa rasilimali za uvuvi, BMU, kwa kuwa yeye anaaminika na tajiri na vibarua wake. Ofisa anayekuja na gari la serikali huhisiwa ni wa kodi au wa kukamata nyavu. Wanawake wanaonunua na kuanika dagaa wawe miongoni mwa wadadisi. Wao ndio wanaojua bei ya alfajiri, na kiasi kilichoharibika kwa mvua.

Bajeti iwe na posho za wadadisi, bando, mizani, betri, na nauli ya kurudi mwaloni. Hiyo ya mwisho hufutwa kwanza na ndiyo yenye thamani kubwa. Kila baada ya miezi michache rudi Kibirizi ukiwa na chati moja iliyochapishwa, uionyeshe kwa waliokupa namba. Watakurekebisha papo hapo: "Wiki ile hatukuvua, kulikuwa na msiba." Hakuna programu itakayokuambia hilo.

Hatua ya 8: Jaribu, kisha peleka kanda

Chagua mialo mitatu au minne, walau mmoja nje ya mkoa wa Kigoma, na uendeshe mfumo mzima kwa mwandamo mmoja kamili, toka mwezi kuandama hadi kuandama tena. Usibadilishe fomu katikati. Andika kila kero, kisha rekebisha kamusi mara moja, uipe toleo na tarehe.

Kifurushi cha kwanza cha kupeleka Bujumbura kiwe kidogo: kamusi, orodha ya mialo na namba zake, jedwali la mavuno la mwandamo huo, na ukurasa mmoja wa maelezo kwa Kiingereza na Kifaransa. Kiswahili kinaeleweka pande nyingi za ziwa, lakini mtunza data wa Mpulungu na wa Bujumbura kila mmoja anaandika ripoti kwa lugha ya ofisi yake. Omba wakukosoe kamusi kabla ya kuomba data zao. Mtu aliyerekebisha safu mbili za jedwali lako ataona ni lake pia.

Nchi moja isipoleta kitu mwaka huo, usijaze pengo kwa makadirio ili ramani ipendeze. Onyesha pengo, taja kipindi chake, na uendelee kuchapisha kilichopo. Mapitio ya kamusi yafanyike kila mwaka mwezi Machi, ili fomu mpya ziwe mikononi mwa wadadisi na vibali vya sampuli viwe vimetoka kabla ya tarehe 15 Mei.